Pumba kwa Kuku, Wanga kwa Watoto

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi

Wamama na wababa, nawasalimu. Waliokuwa hapa mwaka jana wanajua nitakachosema, na nitakisema tena, kwa sababu magunia sokoni hayajabadilika. Unga mweupe umewekwa mbele, ghali. Pumba zimewekwa nyuma, rahisi, na wanaozinunua ni wafugaji wa kuku na nguruwe. Mahindi ni yaleyale! Tunalipa mtu atutenganishie punje, kisha tunabeba nyumbani ile sehemu iliyo duni na kusonga nayo bukari, yaani ugali, ya watoto.

Punje ina ganda, ina kiini, ina wanga. Hayo mnayajua, sitayachora ubaoni. Nyuzinyuzi ziko kwenye ganda. Mafuta, sehemu kubwa ya vitamini na madini kama magnesiamu na zinki viko kwenye kiini na karibu na ganda. Kinachobaki baada ya kukoboa ni wanga na protini kidogo. Unatia nguvu, sikatai. Lakini mtoto hakui kwa nguvu peke yake.

Sasa niwape habari ya kuku wa Batavia, na mniwie radhi wale mlioisikia.

Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilituma waganga, yaani madaktari, kisiwani Java, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, wakatafute chanzo cha beriberi. Askari na wafungwa walikuwa wanakufa ganzi miguu, wanavimba, wanapooza, mwisho moyo unashindwa. Zama zile waganga wote walikuwa wanawinda vijidudu, kwa hiyo hawa nao wakawinda vijidudu. Mmoja wao, Christiaan Eijkman, alibaki Batavia, yaani Jakarta ya leo, akafuga kuku wa majaribio. Baada ya muda kuku wakaanza kuyumba, miguu haishiki, shingo zinapinda. Akadhani amepata anachokitafuta. Kabla hajamaliza kushangilia, kuku wakapona wenyewe, bila dawa.

Eijkman akafanya jambo ambalo naomba kila mganga alifanye: akaenda kuulizia chakula. Akaambiwa kwamba yule anayewalisha kuku alikuwa akichukua wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi. Kisha akaja mpishi mpya, mkali, akasema wali wa jeshi hauliwi na kuku wa kiraia. Kuku wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wakasimama. Eijkman akarudia jaribio mara nyingi. Ukiwapa mchele mweupe, wanaugua. Ukiwaongezea ile ngozi nyembamba ya mchele, wanapona. Pumba, wapendwa. Ileile tunayotupa.

Najua kuna baba pale nyuma anayesema moyoni kwamba kuku si watu. Vizuri. Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya wa kisiwa hicho, alisikia hoja hiyohiyo. Akazunguka magereza 101 ya Java, yenye wafungwa karibu 280,000, akaandika kila gereza linapika mchele gani. Palipopikwa mchele uliokobolewa kabisa, aliugua mfungwa 1 kati ya 39. Palipopikwa usiokobolewa, aliugua 1 kati ya 10,000 hivi. Kisiwa kimoja, hewa moja, kuta zilezile za gereza. Tofauti ilikuwa ndani ya sufuria.

Na bado waganga walibishana! Eijkman mwenyewe aliamini wanga una sumu na pumba ndiyo dawa yake. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyesema mwaka 1901 kwamba hakuna sumu, kuna kitu kinachokosekana. Mwaka 1926, palepale Batavia, Jansen na Donath wakakitoa kitu hicho katika pumba za mchele kikiwa safi, ndicho vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman akapewa Tuzo ya Nobel. Karibu miaka 100 imepita, na sisi pumba bado tunampa kuku.

Mtaniambia: hapa Lubumbashi hatufi kwa beriberi. Ndiyo. Tunaugua sukari, tunaugua tansio, yaani shinikizo la damu, na tuna wazee wanaokaa siku nne bila kwenda choo wakidhani ndio uzee. Unga uliokobolewa na kusagwa laini hauna kinachouchelewesha tumboni. Unageuka glukozi upesi, sukari ya damu inapanda, kongosho linalazimika kumwaga insulini nyingi, na ukila hivyo asubuhi, mchana na jioni, miaka ishirini, huku mwili unanenepa na hautembei, kuna siku kongosho litashindwa. Nyuzinyuzi hupunguza kasi hiyo. Zile zisizoyeyushwa na tumbo hushuka hadi utumbo mpana, huko bakteria wanazichachusha na kutengeneza asidi ndogo za mafuta, mojawapo butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Usipokula nyuzinyuzi, seli hizo nazo zinakula vibaya.

Wala haya si maneno ya mpenda mambo ya kale. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa adimu kwa wanavijiji wa Uganda, naye akaelekeza kidole kwenye nyuzinyuzi. Alipingwa sana. Mwaka 2019 Andrew Reynolds, Jim Mann na wenzao wa New Zealand walikusanya tafiti 185 za kufuatilia watu na majaribio 58. Wanaokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 kuliko wanaokula kidogo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima ale angalau gramu 25 kwa siku. Kwa bukari nyeupe na kipande cha samaki huzifikii, hata ushibe vipi.

Wengine wanasema unga mzima haukai, unakuwa mchungu. Kweli, kwa sababu ya mafuta ya kiini. Ndiyo maana viwanda vinakitoa: unga uvuke mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, ulale ghalani miezi, usiharibike. Wanalinda gunia, hawakulindi wewe. Peleka meka chache, vile vipimo vya sokoni, kwenye mulin, yaani kinu cha mashine, saga, maliza, rudi tena.

Hoja ya pili ni nzito zaidi nami siidharau: kuvu. Sumu ya aflatoksini hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo mahindi mabovu yakisagwa mazima ni hatari kuliko yakikobolewa. Basi chambua. Tupa punje zenye rangi mbaya, zilizovunjika, zenye matundu, kausha vizuri kabla ya kuhifadhi. Na hizo mbovu usimpe kuku pia, maana sumu itamdhuru, na yai lake utalila wewe.

Ya tatu, kwamba unga wa rangi ni wa maskini na mgeni ataona aibu. Hii inanikasirisha. Mgeni anayepima upendo wako kwa weupe wa bukari, mpikie sombe tu, majani ya muhogo.

Muda unakwisha, nipitie haraka. Unga mzima peke yake hautoshi. Niasini, yaani vitamini B3, iliyo ndani ya mahindi imefungwa, mwili hauipati vizuri, ndiyo maana Kuito, hapo Angola, mwaka 1999 na 2000, watu waliokimbia vita na kuishi kwa mahindi walipata pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Weka karanga, weka maharagi, weka mboga. Mkate: msidanganywe na rangi, mwingine umetiwa rangi tu, muulizeni mwokaji unga wake. Soda ya santilita 33 ina sukari gramu 35 hivi, na kiwango cha juu kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku nzima, ikiwa chini ya 25 ni bora. Viazi vitamu na mihogo nilitaka kuvieleza, sitaweza leo.

Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge asibadili chakula kimyakimya. Amwambie daktari wake kwanza, apime damu mara kwa mara, kwa sababu dawa ileile inaweza kumshusha sukari kupita kiasi. Na ambaye tumbo lake halijazoea aanze kwa kuchanganya, nusu unga mzima na nusu mweupe, anywe maji, aongeze polepole kwa wiki kadhaa. Gesi itakuwepo siku za mwanzo, kisha itapungua.

Mama wa kitenge cha kijani aliinua mkono tangu nilipotaja kuku. Mama, uliza.