Mapambano Matano ya Ali: Namna ya Kuzisoma Hasara za Bingwa

SALMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo mimi na kaka Idi tutazungumzia usiku ambao mabingwa wakubwa wa ndondi walishindwa, na namna usiku huo ulivyoamua nafasi yao katika historia ya mchezo. Rekodi ya Muhammad Ali huandikwa kwa ufupi sana: ushindi 56, kushindwa 5. Anayeisoma kwa haraka hudhani kwamba mapambano hayo matano yana uzito mmoja, ilhali kila moja lilimkuta mtu tofauti, katika umri tofauti na mwili tofauti.

IDI: Asante, dada Salma. Basi tuanze na lile la kwanza, la tarehe 8 Machi 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Ali na Joe Frazier waliingia ulingoni wote wawili wakiwa hawajawahi kushindwa, jambo ambalo katika uzito wa juu halikuwa limetokea kwa pambano la ukubwa ule. Ali alikuwa amenyang'anywa taji mwaka 1967 kwa kukataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akazuiwa kupigana kwa zaidi ya miaka 3 ambayo bondia yeyote angeihesabu kuwa ndiyo bora ya maisha yake, na tangu arudi alikuwa amepigana mara mbili tu. Katika raundi ya 15 Frazier alimpiga ngumi ya kushoto ya kuzungusha iliyomtupa chali, na majaji wote wakampa Frazier ushindi.

SALMA: Ninachokiona mimi katika raundi ile ni kuinuka kwake. Ngumi ile, baada ya dakika zaidi ya 40 za kupigana, ingemaliza kazi kwa mabondia wengi. Ali aliinuka upesi, akamaliza raundi akiwa wima. Kabla ya hapo wapinzani wake waliweza kudai kwamba alikuwa akiishi kwa miguu myepesi, na kwamba siku miguu itakapokataa hakutabaki kitu. Usiku ule miguu ilikataa, na tukaona kilichobaki. Ushindi wake wa miaka ya 1960, pamoja na uzuri wake wote, haukuwa na uwezo wa kutuonyesha jambo hilo.

IDI: Miaka 2 baadaye Ken Norton alimvunja taya huko San Diego, na bado Ali akasimama hadi raundi ya 12 na ya mwisho. Ukiyaweka pamoja mapambano hayo mawili, Kinshasa inaeleweka vizuri zaidi. Pale mwaka 1974 Ali aliegemea kamba kwa makusudi, akamwacha George Foreman apige hadi achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya 8. Mpango wa namna ile unahitaji mtu anayejua kwa hakika kwamba mwili wake unaweza kuvumilia mapigo, na kwa maoni yangu Ali aliupata uhakika huo kwa Frazier na Norton.

SALMA: Naafiki kabisa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mfano wake ulio wazi zaidi ni Joe Louis. Mwaka 1936 Max Schmeling alimwangusha kwa nokauti katika raundi ya 12, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba Louis, kila baada ya kurusha ngumi ya mbele ya kushoto, aliuacha mkono huo ushuke na kuliacha shavu wazi kwa ngumi ya kulia. Ilikuwa kasoro ya ufundi, na kasoro ya ufundi hurekebishwa mazoezini. Louis alitwaa taji mwaka uliofuata, na Juni 1938 wakarudiana katika uwanja uleule wa Yankee, akammaliza Schmeling kwa muda unaozidi kidogo dakika 2. Ushindi huo unahesabiwa miongoni mwa mikubwa kabisa katika ndondi, na asilimia kubwa ya ukubwa wake inatokana na kushindwa kwa 1936.

IDI: Hapo tunazungumzia kushindwa ambako kulilipwa. Lakini yako ambayo hayakulipwa, na sipendi tuyapite. Mchukue Azumah Nelson wa Ghana. Mwezi Julai 1982 aliitwa New York kuchukua nafasi ya mpinzani aliyejiondoa, akakutana na Salvador Sánchez wa Mexico, bingwa wa uzito wa unyoya. Nelson alikuwa na mapambano 13 tu ya kulipwa. Alimsumbua bingwa yule hadi raundi ya 15, ndipo mwamuzi akalisimamisha pambano. Sánchez alifariki katika ajali ya gari mwezi uliofuata, akiwa na umri wa miaka 23, na hivyo marudiano hayakuweza kuwapo tena.

SALMA: Na bado ni pambano lile lililomtambulisha Nelson kwa ulimwengu. Mwaka 1984 alimwangusha Wilfredo Gómez huko San Juan, nyumbani kwa Gómez, akatwaa taji, na waliomwona New York hawakushangaa hata kidogo. Kwa hiyo kulipiza si sharti. Sharti ni kwamba mtu aonekane anakaribia kiwango cha aliyemshinda, na kazi yake ya baadaye ithibitishe hivyo.

IDI: Kwa kipimo hicho Mike Tyson anapata shida. Aliingia Tokyo mwezi Februari 1990 akiwa ameshinda mapambano yote 37, akaangushwa na Buster Douglas katika raundi ya 10, na hakurudiana naye kamwe. Lennox Lewis naye aliangushwa mara mbili na watu ambao hawakutarajiwa kumshinda, Oliver McCall mwaka 1994 na Hasim Rahman mwaka 2001, lakini aliwatafuta wote wawili akawashinda. Ndiyo maana leo hasara za Lewis zinatajwa kwa sauti ya chini, wakati jina la Tokyo likitajwa tu, Tyson anakumbukwa akipapasa sakafu akitafuta kikinga meno chake.

SALMA: Sasa tufike mahali ambapo mimi na wewe hatukubaliani. Tarehe 2 Oktoba 1980, Las Vegas. Ali alikuwa na miaka 38, alikuwa amekaa miaka 2 bila kupigana, na mbele yake alisimama Larry Holmes, ambaye zamani alikuwa mshirika wake wa mazoezi. Majaji wote watatu walimpa Holmes kila raundi, mpaka Angelo Dundee, mkufunzi wa Ali, aliposema inatosha, baada ya raundi ya 10. Mwaka uliofuata Ali alishindwa tena huko Nassau, na Trevor Berbick, akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 40. Ninasema kwa dhati kwamba mapambano haya mawili hayapaswi kuingizwa katika hesabu ya ubora wake wa ulingoni. Yanatueleza kuhusu biashara ya ndondi, na kuhusu waliokuwa na mamlaka ya kumzuia wakamwacha apande ulingoni. Kuhusu uwezo wa Ali katika ubora wake hayatuelezi chochote.

IDI: Dada yangu, uchungu wako nauelewa, na hata mimi siwezi kulitazama pambano lile hadi mwisho. Hata hivyo, swali langu ni hili: tukilifuta pambano lile, Holmes tunampeleka wapi? Alifanya kila alichotakiwa kufanya. Alilitwaa taji mwaka 1978 kwa kumshinda Norton, yuleyule aliyemvunja Ali taya, katika raundi 15 ambazo ni miongoni mwa ngumu kabisa za uzito wa juu, na akalitetea mara 20. Ngumi yake ya mbele ya kushoto ilikuwa bora kuliko ya bondia yeyote wa uzito wake ambaye nimemwona. Lakini watu wanaposikia jina lake humkumbuka kwanza kama mtu aliyempiga mzee waliyempenda, na huruma yetu kwa aliyeshindwa inamgeukia aliyeshinda na kuwa deni ambalo hakulikopa.

SALMA: Hilo nalikubali, wala halipingani na nililosema. Louis naye alikuwa na miaka 37 Rocky Marciano alipomwangusha mwaka 1951, na hakuna anayemlaumu Marciano kwa hilo.

IDI: Hawamlaumu kwa sababu alistaafu na ushindi 49 bila kushindwa, na ile sifuri humkinga. Mimi binafsi naiheshimu sifuri hiyo, ila naona inaacha swali wazi: hatukuwahi kumwona Marciano akirudi baada ya kushindwa, kwa hiyo sehemu moja ya ubingwa wake hatuwezi kuipima. Holmes alifika mahali pa kumfikia kabisa. Septemba 1985 alikuwa na ushindi 48 bila kushindwa, akiwa na miaka 35, akakutana na Michael Spinks, bingwa wa uzito wa chini yake na ndugu wa Leon Spinks aliyewahi kumpokonya Ali taji mwaka 1978. Alishindwa kwa pointi chache. Walirudiana mwaka 1986, na uamuzi wa majaji waliogawanyika ukampa Spinks tena, uamuzi ambao hadi leo watu wengi wanaupinga.

SALMA: Nawe ni miongoni mwa wanaoupinga.

IDI: Ndiyo. Nimelitazama pambano la marudiano mara nyingi, na kila mara namwona Holmes akishinda, hasa katika raundi za mwanzo. Fikiria majaji wangempa usiku mmoja tu kati ya ile miwili: Holmes huyohuyo, mwenye ngumi zilezile, angetajwa leo katika sentensi moja na Marciano. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayeandika historia asiishie kwenye matokeo, alitazame pambano lenyewe, raundi kwa raundi.

SALMA: Basi nami nitasema ninapomweka. Katika mabingwa wote wa uzito wa juu, namtanguliza Ali, anafuata Louis, na Holmes anashika nafasi ya tatu, juu ya Marciano na juu ya Foreman. Nafanya hivyo nikiwa nimezihesabu hasara zake mbele ya Spinks, pamoja na ile ya Januari 1988, Tyson alipomwangusha katika raundi ya 4 akiwa amekaa karibu miaka 2 bila kupigana.

IDI: Mimi namweka wa nne. Foreman alilikosa taji kwa miaka 20 tangu Kinshasa, akalirudisha mwezi Novemba 1994 akiwa na miaka 45, kwa kumwangusha Michael Moorer katika raundi ya 10 wakati pointi za majaji wote zilikuwa upande wa Moorer. Hapo siwezi kumweka chini ya Holmes.

SALMA: Tutalijadili hilo la Foreman katika kipindi kijacho, kwa sababu miaka yake 10 ya kukaa nje ya ulingo inahitaji saa nzima.