Gari inachemsha kwenye joto la Mtwara? Tunafunga rejeta nene kwenye Carina, mwanzo mwisho

Habari zenu wadau, nipo Mtwara hapa chini ya mwembe, saa mbili asubuhi na shati lishalowa jasho, kwaiyo gari nayo mnaelewa hali yake. Hii ni Carina Ti, injini 5A, otomatiki, ni yangu mwenyewe, na mwezi wa kumi na moja ilinitia aibu kweli. Natoka Masasi naupanda mlima wa Newala, AC inawaka, nyuma kakaa shangazi na mizigo yake, naona sindano ya temprecha inapanda inapanda, nikajifanya sijaiona. Shangazi ndo akaniambia mwanangu mbona kunanuka kama jiko. Tukapaki pembeni zaidi ya saa nzima.

Sasa leo tunatoa rejeta ya kawaida, lile dude la vimirija mbele ya injini linalopoza maji yake, tunaweka nene, lakini kabla hujashika spana nisikilize kwanza maana hapa ndo watu wanapoteza hela. Jiulize gari yako inachemsha wapi. Kama inachemsha ikiwa imesimama, pale mjini au umepaki umewasha AC unamsubiri mtu, alafu ukiondoka ikapata upepo inashuka, angalia feni kwanza, rejeta inaweza kuwa haina kosa. Kama inachemsha kwenye mwendo, mlima au themanini ya moja kwa moja kuitafuta Lindi, apo upepo upo wa kutosha, feni haina kazi kubwa, basi maji hayapiti vizuri au rejeta imechoka. Na kama asubuhi injini ya baridi umefungua mfuniko wa rejeta umewasha na maji yanatoa mapovu bila kukoma, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, hiyo ni gasketi ya silinda hedi imekufa, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, hata ufunge rejeta ya lori itachemsha tu.

Yangu ilikuwa ya mwendo. Tena kuna fundi aliwahi kuitoa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akaitupa, akaniambia huku kwetu joto hazihitajiki. Wadau hilo neno mtalisikia kila gereji na mimi silikubali. Thamostati ya hii injini inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kwaiyo gari ikishapata moto yenyewe ishafunguka, haimzuii mtu. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta, na bado mlimani inachemsha kama ilivyochemsha yangu.

Haya. Injini iwe ya baridi kabisa, sio vuguvugu, baridi. Usifungue mfuniko wa moto, maji mle yamebanwa kwa presha yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua tu yanachemka yote kwa mara moja yanakurukia usoni. Chomoa terminali hasi ya betri. Weka beseni chini, fungua kile kibomba cha plastiki chini ya rejeta, usikikaze wala kukifungua kwa plaizi kinakatika kama biskuti.

Dogo sogeza simu hapa waone. Mnaona rangi? Haya sio maji, huu udongo. Mwaka mzima nilikuwa naongezea maji ya kisima, na visima vyetu vya huku pwani vingi vina chumvi chumvi, ikichemka inabaki ndani kama ule ukoko mweupe unaoganda kwenye birika la chai. Ndo imeziba. Na haya yakiwa yana kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, usimwage chini, ina utamu fulani, mbuzi au paka wa jirani akilamba anakufa na wewe uanze kesi.

Tunatoa hozipaipu ya juu na ya chini, soketi ya feni, na kwa otomatiki kuna vipaipu viwili vidogo huku chini, vinapitisha oili ya gia boksi ile nyekundu inapoozwa humo humo kwenye rejeta. Ukivichomoa vizibe haraka, mimi naingiza boliti ndani ya mpira nakaza klempu. Spana namba 10 na 12 zinamaliza karibu kila kitu. Fungua vishikizo viwili vya juu, inua na feni zake taratibu.

SUBIRI kabla hujainua, kuna kitu nataka niwaonyeshe na hiki ndo sababu ya video nzima. Rejeta ya zamani unene wake ni milimita 16, hii mpya ni 26. Kumi zilizoongezeka zinasukuma feni kwenda nyuma, na kwenye 5A ekzosi manifodi, yale mabomba ya moto yanayotoa moshi kwenye injini, iko mbele, inaitazama feni uso kwa uso. Kwaiyo kabla hujanunua pima nafasi. Mimi nilichukua donge la ugali wa jana, nikalibandika kwenye lile bati linalofunika ekzosi, injini baridi jamani, usawa wa mota ya feni, nikairudisha rejeta ya zamani mahali pake, nikatoa tena. Donge limebonyea, unene uliobaki ndo nafasi uliyonayo. Yangu ilitoka karibu milimita 30, toa 10 inabaki 20, inatosha. Ungekuta 12 ungeacha, maana mota ya feni ikikaa karibu na ekzosi inaungua. Zipo rejeta za 36 na kuendelea, watu wanaziagiza Kariakoo zinakuja na basi, zikifika haziingii, alafu fundi anaamua kutupa kava la feni ili zitoshe. Usikubali. Lile kava ndo linalofanya feni ivute hewa kwenye rejeta nzima, bila kava inavuta kale kaduara kake tu, umenunua rejeta kubwa unatumia nusu.

Rejeta imetoka. Usikimbilie kufunga mpya, angalia kondensa, ile inayopoza gesi ya AC, iko mbele yake. Vumbi, wadudu, majani, na hivi vipezi vya alumini chumvi ya bahari imeshavila, ukigusa vinapukutika kama majivu. Hewa yote ya rejeta inapita hapa kwanza. Osha na maji ya bomba kutokea upande wa injini kuja mbele, presha ndogo, sio ile mashine ya kuoshea malori, itavilaza vipezi vyote. Vilivyolala vinyooshe na bisibisi ndogo, kazi ya uvumilivu, mimi ilinichukua dakika arobaini na redio.

Kwenye kuchagua rejeta yenyewe, nyingi siku hizi ni alumini na makopo ya plastiki juu na chini. Duka moja, silitaji, liliwahi kuniuzia inayong'aa balaa, miezi minne kopo la juu likapasuka. Angalia pale plastiki inapobanwa na alumini, meno yawe yamelala sawa kote, na ukichungulia mdomoni vimirija viwe wazi vyote. Ya shaba ni nzito ila ikitoboka mafundi wa kuchomea risasi wapo, hiyo nayo ni faida ukiwa mbali na mjini.

Kufunga ni kurudi nyuma njia ile ile. Hakikisha miguu ya rejeta imekaa kwenye raba zake chini. Na ule uwazi wa pembeni na juu kati ya rejeta na bodi, ziba na sponji, vipande vya godoro kuukuu vinafaa, gundisha vizuri visifike kwenye feni. Hewa ina uvivu jamani, ikiona upenyo wa pembeni haiingii kwenye vipezi. Hii hatua ni ya bure na wengi wanairuka.

Thamostati mpya nimeirudisha, kale kapini kake kanakocheza kakae juu kapitishe hewa. Mfuniko mpya pia, presha ile ile iliyoandikwa kwenye wa zamani, wangu ni 0.9. Kuna wanaopandisha mpaka 1.1 au 1.3 wakisema maji yachelewe kuchemka, ni kweli yanachelewa, ila hozi zako za miaka ishirini ndo zitakazopasuka.

Kujaza sasa. Nachanganya kulanti nusu na maji nusu. Huku hakuna barafu, najua, kulanti tunaweka kwa ajili ya kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Ila usiweke kulanti tupu ukadhani ndo baridi zaidi, maji ndo yanabeba joto vizuri. Maji yawe yale ya kuongezea betri, yasiyo na chumvi, SIO asidi, muulize muuzaji mara mbili.

Pandisha magurudumu ya mbele kwenye matofali au kilima kidogo ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote. Rudisha betri, hita weka moto mwisho, washa, mfuniko wazi. Unaminya minya hozi ya juu, mapovu yanatoka, maji yanashuka, unaongeza. Yangu imekula lita 5 na ushee. Subiri mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, alafu funga. Feni ikiwaka weka karatasi mbele ya grili, inatakiwa inase. Ikipeperushwa, kuna mtu amegeuza waya, feni inasukuma hewa mbele badala ya kuvuta. Na isipowaka kabisa, Toyota nyingi za miaka ya 90 ukichomoa soketi ya swichi ya feni lazima ianze kuzunguka, isipoanza tafuta fyuzi, rilei au mota.

Oili ya gia boksi kagua na stiki injini ikiwa ya moto, iliyomwagika irudishie.

Nimeipeleka Mikindani saa saba mchana, kwenda na kurudi, AC imewaka, kilima kile nimekipanda gia ya pili makusudi. Sindano ikakaa chini kidogo ya nusu haikutikisika. Asubuhi yake baridi nimefungua, maji yamepungua kama kikombe cha chai, hewa iliyokuwa imebaki hiyo, nimeongeza, na kesho nafungua tena nione.