"Interest" kwa Kiurdu: dilchaspi, mafad na sud

Mabibi na mabwana, wafasiri wenzangu,

Nimechukua neno moja tu la Kiingereza, "interest", nami naomba tulitazame kwa macho ya mtu wa Lahore au Karachi anayelitafuta maana yake kwa Kiurdu.

Atakutana kwanza na dilchaspi. Asili yake ni Kiajemi: dil ni moyo, na chasp ni kunata. "Mujhe is kitab mein dilchaspi hai," yaani kitabu hiki kinanivutia. Halina utata, tusonge mbele. La pili ni mafad, neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na faida yetu. Magazeti ya Kiurdu hulitumia sana katika qaumi mafad, maslahi ya taifa.

La tatu ni sud, na hapa ndipo ninapotaka tutue mizigo. Kwa Kiajemi sud ni faida. Ndiyo maana hadi leo katika Kiurdu dawa nzuri huitwa sudmand, yenye manufaa, na hakuna anayekunja uso. Lakini sud ikisimama peke yake ni ziada inayotozwa juu ya deni, na anayejipatia mali kwa njia hiyo ni sudkhor. Khor ni mlaji. Basi sudkhor ni mla riba, sawasawa na tusemavyo sisi. Ni jina la kumfedhehesha mtu. Haishangazi, basi, kwamba Mpakistani anayeweka akiba yake huahidiwa munafa, faida, wala si sud.

Sasa tazameni jinsi tafsiri inavyoweza kuitikisa nchi. Katiba ya Pakistan ya 1973, kifungu cha 38, hadi iliporekebishwa mwaka 2024, iliitaka dola iondoe riba mapema iwezekanavyo. Hata katika nakala ya Kiingereza waandishi waliliacha neno riba kama lilivyo, hawakuandika "interest". Swali likabaki: je, "interest" ya benki ndiyo riba ile ya Qurani? Mahakama ya Shirikisho ya Sharia ilijibu ndiyo mwaka 1991. Mahakama ya Juu ya nchi ikakubali mwaka 1999, kisha mwaka 2002 ikaitengua hukumu na kulirudisha shauri lisikilizwe upya. Aprili 2022 Mahakama ya Sharia ikasema tena ndiyo, ikaipa serikali hadi mwisho wa 2027. Zaidi ya miaka thelathini, na kiini chake ni iwapo maneno mawili yana maana moja!

Kwa hiyo sikubaliani hata kidogo na kamusi zinazopanga dilchaspi, mafad, sud katika mstari mmoja, zikitenganishwa kwa mkato tu, kana kwamba msomaji achague lolote. Maulvi Abdul Haq, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza na Kiurdu mwaka 1937, alifanya kazi ambayo kila mwanaleksikografia anapaswa kuiheshimu. Lakini mwanafunzi wa leo anahitaji sentensi kando ya kila kisawe, na anahitaji kuambiwa neno lipi hutamkwa benki, lipi mahakamani, lipi kwenye ugomvi wa mtaani.

Nasi Waswahili tuna shida yetu wenyewe. Benki zetu hutangaza riba waziwazi kwenye mabango, na mchumi hulitumia neno hilo bila kufikiria dhambi, ilhali msikitini riba ni haramu. Sasa mfasiri aletewe hukumu ile ya 1991. Kiini chake ni kwamba "interest" ni riba. Akifuata kamusi ataandika: "riba ni riba". Msomaji hataambulia kitu, na kesi nzima itakuwa imepotea. Mimi ningeandika "riba inayotozwa na benki" upande mmoja, na "riba iliyoharamishwa katika Qurani" upande wa pili, tena ningeshikilia maneno hayo marefu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata mhariri akilalamika kuwa yanakula nafasi.