Jinsi ya kuonja Laphroaig, wiski yenye harufu ya dawa

Karibuni tena. Chupa niliyonayo mezani leo ni Laphroaig ya miaka 10, tamka "la-froig". Ni wiski ya kimea cha shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, kutoka kisiwa cha Islay, magharibi mwa Scotland. Kama hujatimiza miaka 18, au una gari la kuendesha leo, wewe tazama tu.

Hatua ya kwanza ni glasi. Chukua yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Hata ya mvinyo inafaa. Mimina kidogo, ifunike kitako tu. Barafu weka mbali, maana baridi inaua harufu, na kwenye kinywaji hiki harufu ndiyo mali yenyewe. Rangi usiihangaikie. Hii hutiwa karameli, kwa hiyo rangi haikwambii lolote kuhusu umri wake.

Hatua ya pili, nusa. Usitumbukize pua, ipitishe juu ya glasi huku mdomo ukiwa wazi kidogo. Kinachotangulia ni moshi. Subiri, nusa tena: mwani, chumvi, halafu harufu ya iodini, ile ya chumba cha kufungia vidonda. Watu wengi huirudisha glasi mezani hapo hapo. Wewe vumilia.

Moshi huo umetoka kwenye piti, yaani mabaki ya mimea yaliyolala kwenye kinamasi kwa maelfu ya miaka, yakakatwa vipande na kukaushwa yawe kuni. Shayiri hulowekwa, hutandazwa sakafuni ichipue huku ikigeuzwa mara kwa mara, kisha hupelekwa juu ya tanuri la piti. Ikiwa bado mbichi hunywa moshi kwelikweli, ndipo hukaushwa. Laphroaig ni kati ya viwanda vichache vya Scotland ambavyo bado vina sakafu hizo, ingawa kimea chake kingi siku hizi hununuliwa.

Hatua ya tatu, onja bila maji. Funda dogo, lizungushe ulimini, meza taratibu. Ulimi utakutana na utamu ambao pua haikuutaja: vanila, kutoka kwenye mapipa ya mwaloni yaliyokwisha kutumika kwa bourbon, wiski ya Marekani. Kisha moshi unarudi na kukaa. Aliyekulia kwenye maziwa ya kibuyu kilichofukizwa hatashangaa sana.

Hatua ya nne, maji. Matone machache tu, kwa kijiko. Sasa iache glasi itulie kama dakika kumi, na wakati huo nikupe historia.

Kiwanda kilianzishwa mwaka 1815 na ndugu wawili, Donald na Alexander Johnston. Jirani yao ni kiwanda kingine cha wiski, Lagavulin, na ujirani huo haukuwa wa heri siku zote. Peter Mackie wa Lagavulin alikuwa wakala wa kuuza wiski ya Laphroaig. Alipopokonywa uwakala huo mwaka 1907, alikasirika akaziba maji ya kiwanda cha wenzake, mpaka mahakama ikamlazimisha kuyafungulia. Hakukoma. Mwaka 1908 alijenga kiwanda kidogo ndani ya Lagavulin, akakiita Malt Mill, ili aige Laphroaig. Wiski ilipatikana, lakini Laphroaig haikuwa. Mimi naona hakuna tangazo la biashara lililowahi kuisifia Laphroaig kuliko hasira ya huyu bwana.

Marekani ilipopiga marufuku pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, Laphroaig iliingia kama dawa. Inasimuliwa kwamba maofisa wa forodha wakiinusa tu, waliamini. Umeshainusa, utawasamehe.

Halafu kuna Bessie Williamson. Alifika mwaka 1934 kufanya kazi ya ukarani ya muda mfupi. Mwenye kiwanda, Ian Hunter, alipopata kiharusi mwaka 1938, Bessie ndiye aliyeendesha shughuli, na Hunter alipofariki mwaka 1954 alimwachia kiwanda. Mwanamke kumiliki kiwanda cha wiski Scotland enzi hizo! Aliongoza hadi alipostaafu mwaka 1972, ingawa hisa alikuwa ameshaziuza kidogo kidogo.

Haya, rudi kwenye glasi. Nusa: dawa imelegea, na nyuma yake kuna utamu wa kimea na kitu kama ganda la limau. Onja tena. Ukiona imepwaya, umezidisha maji. Ongeza wiski kidogo, usiimwage.

Hatua ya mwisho ni kuitunza. Simamisha chupa wima, usiilaze kama mvinyo, kwa sababu kileo kikali hula kizibo. Iweke mbali na jua. Ikibaki chini ya robo, ihamishie kwenye chupa ndogo, maana hewa nyingi ndani ya chupa hupunguza moshi, na moshi ndio ulioulipia.