Unyoya wa Jogoo Bado Unavua

Shikamooni wazee. Vijana, sogeeni mbele, huko nyuma mnaniletea milio ya simu tu.

Wimbo wangu mnaujua, kwa hiyo leo habari za kukokota kokoro, ule wavu unaozoa hadi samaki wachanga, na kuvulia vyandarua sizirudii. Nimekuja na vyambo vya bandia vya mzee mmoja wa hapa Mikindani, Mungu amrehemu. Wajukuu walitaka kuvitupa. Pitisheni, ila angalieni vidole, ndoana bado kali.

Tazameni hiki. Ndoana ndogo, ya samaki kibua. Hapo juu yamefungwa manyoya ya shingo ya jogoo. Shingo, si mkia! Unyoya wa mkia mgumu, ukiingia majini unakaa kama ufagio. Wa shingo mwembamba, laini: ukivuta mshipi unajibana, ukilegeza unachanua, na samaki anaona kitu hai. Kisha mzee akazungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akakaza kwa uzi aliousugua nta ya nyuki. Hebu angalieni huo uzi. Haujapandana popote, na fundo la mwisho hulioni mpaka ukigeuze.

Sasa yupo anayesema moyoni: mwalimu, dukani kuna vya plastiki, vinang'aa kuliko hivyo. Vipo. Kikinasa mwambani, hela imezama. Cha unyoya kikikatika, jogoo yuko uani. Mwingine ataniuliza, je, chafi? Chafi anakula mwani, bwana, unyoya wa nini! Nasema vibua, kolekole wadogo, changu, hawa wa kukaanga jioni, wanaokimbiza vidagaa.

Wenzetu Marekani hawaoni haya. Samaki wao wadogo wa kikaango, kina bluegill na crappie, hadi leo wanawavua kwa vijindoana vya manyoya vyenye madini ya risasi kichwani. Fundi wao wa vyambo, James Heddon wa Dowagiac, Michigan, alichonga kwa mti chura wa kuvulia mwishoni mwa karne ya 19, na vyambo vya zamani vya jina lake watu wanavisaka na kuvinunua kwa fedha nyingi. Sisi vyetu jalalani.

Kuvua kwenyewe: subirini maji mafu, siku bahari inapojaa na kupwa kidogo. Bamvua, maji makubwa, likivuruga maji, samaki haoni unyoya. Hapo rudini kwenye chambo chenu cha ngisi. Teremsha mpaka chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, liguse chini, pandisha kama dhiraa moja, shtua, tulia. Nyie mnashtua tu, kutulia hamtaki! Samaki hukidaka mara nyingi kikiwa kinashuka.

Nilitaka kusema na habari ya mshipi wa ndoana nyingi, lakini naona mwenyekiti anatazama saa. Haya. Risasi ya chubwi msiyeyushie jikoni, moshi wake sumu, na watoto wamo humo. Mwenye vyambo vya babu yake asivipake rangi, avilete vilivyo.

Na mwenye jogoo mwekundu anayetaka kumuuza, tuonane hapo nje.