Kuishi na Mtu Aliyenusurika: Mazungumzo na Familia

Ndugu zangu, hamjambo. Leo nazungumza nanyi mnaolala nyumba moja na mtu aliyenusurika katika tukio la kutisha, kama vile mlipuko wa bomu. Yeye angalau hupewa ushauri nasaha. Ninyi hamuulizwi lolote.

Nianze na Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, jijini Nairobi. Kabla bomu halijalipuka kwenye ubalozi wa Marekani, ulisikika mlipuko mdogo wa guruneti. Waliokuwa katika majengo ya jirani walifanya ambalo mimi na wewe tungefanya: walikimbilia madirishani kuchungulia. Ndipo mlipuko mkubwa ukaja na vioo. Jijini humo walikufa watu 213, maelfu wakajeruhiwa, na wengi waliumia macho kwa sababu ya yale madirisha.

Sasa mfikirieni aliyepona. Mwili wake umeshika somo moja: kishindo kidogo hutangulia balaa. Upepo ukibamiza mlango, au tairi la matatu likipasuka, moyo unamwenda mbio kabla hajajua ni nini. Ukimwambia, "Tulia, ni mlango tu," unamweleza analolijua. Anajua ni mlango. Mwili ndio haujapata habari.

Basi acheni kubishana naye, mpunguzieni mambo ya ghafla. Ukiingia jikoni naye amekupa mgongo, mwite ukiwa bado mlangoni. Akipiga kelele usingizini, usimtikise. Simama mbali kidogo, washa taa, mtaje jina, mwambie yuko wapi. Mkienda hotelini achague kiti mwenyewe, hata kama ni kile cha karibu na choo.

Lakini upo mtego, nao huwanasa hasa wenye upendo mwingi. Mke anaanza kwenda mjini kwa niaba ya mume. Watoto wanakatazwa kuwasha televisheni. Harusi za ukoo hazihudhuriwi tena. Nyumba nzima inaishi kwa kufuata hofu ya mtu mmoja, na hofu hiyo inanenepa kwa kuwa hakuna anayeijaribu. Tiba ya mazungumzo iliyothibitika kusaidia humrudisha mtu polepole, akiwa na mtaalamu, kwa yale anayoyakimbia. Kwa hiyo msindikizeni hadi stendi, msiende badala yake.

Na simulizi je? Sisi tuna tabia ya kumzunguka mtu na kudai, "Hebu tueleze ilivyokuwa." Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba aliyetoka kwenye tukio la kutisha hivi karibuni asiwekewe kikao maalumu cha kumsimulisha yaliyompata. Akitaka kusema, msikilizeni. Akinyamaza, mmiminieni chai. Hili la "jikaze, wewe ni mwanamume" sitalipotezea muda. Mnajua limetuzalishia walevi wangapi.

La mwisho ni zito. Ukiona dalili, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Najua familia nyingi zilinyamaza kwa kuogopa polisi, maana sheria ya Kenya ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Akikujibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, dawa ya kunyunyizia mboga iondolewe nyumbani, na mfike hospitali siku hiyohiyo.

Sasa maswali. Yule mama aliyeinua mkono tangu mwanzo, karibu.