Reli za Mawe za Haytor na Troli za Mombasa

Wazee wangu, ndugu zangu, jioni njema. Nimeombwa nizungumze juu ya mabaki ya reli za zamani, zile ambazo magari yake yalivutwa na farasi. Nitaanzia mbali, kisha nitarudi hapa Mombasa.

Reli ni kongwe kuliko garimoshi. Wenye machimbo ya Ulaya walijua mapema kwamba farasi anayevuta gari juu ya reli anamudu mzigo mkubwa mara kadhaa kuliko anaoumudu kwenye barabara ya udongo. Nyingi za njia hizo zimepotea. Iliyobaki vizuri, na ninayoipenda kuliko zote, iko Haytor, kwenye nyanda za juu za Dartmoor, kusini magharibi mwa Uingereza. Huko kondoo wanalisha, na katikati ya nyasi inapita mistari miwili ya mawe inayopinda kufuata kilima.

Ilifunguliwa Septemba 1820. Mwenye nayo, George Templer wa Stover, alikuwa na chimbo la granaiti juu kilimani na mfereji wa maji bondeni, uliochimbwa na baba yake. Kati ya viwili hivyo palikuwa na kilomita 16 hivi, na mteremko wa mita kama 400. Chuma kilikuwa ghali. Jiwe lilikuwa bwerere, na wachongaji walikuwa pale pale. Basi reli zenyewe zikachongwa kwa granaiti.

Nataka mzione kwa karibu. Kila kipande ni boriti ya jiwe; kingine kina urefu wa mita moja na ushei, kingine kinapita mita mbili. Upande mmoja umechongwa ukashuka kama kidato cha ngazi. Gurudumu lilipita juu ya kidato, na sehemu iliyoachwa imeinuka ililizuia lisitoke njiani. Magurudumu yalikuwa bapa, hayana mdomo, yaani ukingo uliotokeza, kama ya treni za leo, kwa hiyo kazi yote ya kuliongoza gari ilikuwa ya jiwe. Penye njia panda mambo yanapendeza zaidi: mistari imechongwa ikapishana, na kwenye jiwe kuna matundu ya mviringo. Humo ndimo ulimosimama ulimi wa kugeuzia, na mtu aliusogeza ili gari lishike njia ya chimbo hili au lile. Ulimi haupo tena. Tundu lipo, na ukitia kidole unafika mahali alipofikia fundi karne mbili zilizopita.

Msafara wa kawaida ulikuwa mabehewa 12 na farasi wapatao 18, wamefungwa mmoja nyuma ya mwenzake. Wakati wa kupanda, mabehewa matupu, farasi walitangulia. Wakati wa kushuka, mzigo ulijiendea wenyewe kwa uzito wake, na farasi waliwekwa nyuma kuuzuia. Farasi 18 wanavutwa na jiwe badala ya kulivuta! Hiyo ndiyo kazi ninayoifikiria kila nikiona picha za njia ile. Kule chini granaiti ilipakiwa kwenye matishali mpaka bandari ya Teignmouth, na kutoka hapo kwa meli mpaka London. Daraja la London lililofunguliwa mwaka 1831 lina granaiti ya Haytor ndani yake. Daraja hilo baadaye liliuzwa, mawe yake yakavushwa bahari, na tangu 1971 limesimama Lake Havasu City, Arizona. Mzigo umefika Marekani, njia iliyoushusha kilimani haijatoka mahali pake.

Biashara haikudumu. Granaiti ya Cornwall ilichimbwa karibu na bahari, ikauzwa kwa bei nafuu, na kufikia 1858 njia ya Haytor ilikuwa imeacha kazi.

Sasa swali: kwa nini bado ipo? Jibu langu ni kwamba hapakuwa na mnunuzi. Reli ya chuma ikiacha kazi, siku ya pili inapimwa kwa kilo na kuyeyushwa. Boriti ya granaiti iliyochongwa kidato haina soko, na kuibeba ni gharama tupu. Hata Haytor penyewe, sehemu ya bondeni ambako ardhi ilihitajika ilimezwa na reli ya treni iliyofunguliwa mwaka 1866. Huko Wales, kwenye njia ya Penydarren ambako mashine ya mvuke ya mhandisi Richard Trevithick ilivuta mabehewa mwaka 1804, chuma chote kimeondoka. Yamebaki mawe yaliyokuwa mataruma, yaani ya kulazia reli, safu kwa safu, kila moja na tundu lake lililotiwa kigingi cha mbao na kupigiliwa msumari. Taruma halikukatiza njia kutoka reli hadi reli. Kila upande ulikuwa na mawe yake, ili katikati pabaki wazi farasi apite bila kujikwaa. Njia haina farasi wala reli, lakini nafasi ya kwato zake bado inaonekana.

Na Mombasa? Mwaka 1890 kampuni ya Kiingereza ya IBEA (Imperial British East Africa) ilianza kutandika reli nyembamba, upana wa futi mbili, iliyokusudiwa kwenda bara. Ilikomea kilomita chache tu. Vyuma vyake vikaja kutandikwa ndani ya mji huu, na juu yake zikapita troli zenye viti na paa. Hapa hapakuwa na farasi. Walisukuma watu. Kwenye postikadi za zamani abiria ameketi kivulini, na wasukumaji wamesimama nyuma juani, hawakuandikwa majina. Motokaa zilipoenea, troli ziliondoka, na vyuma vikang'olewa, kwa kuwa chuma kina bei.

Kwetu basi mabaki hayako ardhini. Yako kwenye picha za majumbani na kwenye masimulizi, na hayo yananitia wasiwasi zaidi kuliko jiwe lolote la Dartmoor, maana wasimulizi wanaondoka. Kama yuko hapa ambaye babu yake alisukuma troli, au nyumbani kwao kuna picha ambayo njia ile inaonekana, namwomba tuonane kabla hatujatawanyika. Nimekuja na daftari na kinasa sauti. Sasa nakaribisha maswali.